Mkalimani Asiyelainisha Maneno

Sikuwahi kujua alizaliwa wapi, na katika miaka yote niliyomfahamu sikumuuliza. Mara moja nilisikia mtu akimuuliza kwenye foleni ya maji pale mtaani kwetu Laini Saba, "Mama, kwani wewe ni wa wapi hasa?" Akamjibu, "Mimi ni wa hapa nyuma yako." Baadaye aliniambia kwamba katika Nairobi mtu akikuuliza kwenu ni wapi, mara nyingi anatafuta kipimo cha kukuamini. Basi nami nitamwita tulivyomwita sote: Mkalimani.

Kazi yake ya mikono ilikuwa kushona. Alikuwa na cherehani ya miguu karibu na reli, chini ya mwavuli mkubwa uliopauka, akibadilisha zipu na kupunguza sare za shule. Lakini watu walimjia papo hapo na kumtoa kitini. Twende kwa chifu. Twende shuleni, mwalimu ameniandikia kitu. Twende kliniki. Aliacha suruali ya mtu ikiwa na mguu mmoja, akafunika cherehani kwa kitenge, akaenda. Wenye suruali walizoea kungoja.

Mimi nilimjulia kliniki. Nilikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ndogo ya huko huko Laini Saba, kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, nami niliikalia kama mtu aliyepewa kiti cha ubunge. Kila aliyekuja dirishani nilimsemesha Kiingereza. Hakuna aliyeniagiza. Niligundua tu kwamba ukimwambia mtu jambo kwa Kiingereza haulizi swali la pili, na foleni inakwenda haraka.

Siku moja mzee fundi wa mawe aliniuliza kwa Kiswahili chumba cha macho ni kipi. Nikamjibu kwa Kiingereza kirefu, chenye mambo ya utaratibu na barua ya rufaa. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akaondoka. Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mnene wa makamo, kitambaa kichwani, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Binti," akaniambia, wala hakupaza sauti, "jana jioni nilikuona kwa mama mboga. Uliitisha sukuma ya kukatwa kwa Kiswahili kizuri kabisa. Hapa kimekuishia?"

Watu wakacheka. Masikio yaliniwaka. Nikamwambia hii ni ofisi.

"Naona," akasema. "Na yule mzee pia ameona, ndiyo maana ameogopa kukuuliza tena. Mtazame alipoketi."

Nikageuka. Mzee alikuwa katikati ya akina mama wenye watoto wachanga, kofia magotini, akingoja chanjo kwa utulivu mkubwa. Nilitoka nikamshika mkono, nikampeleka chumba cha macho. Sikumpenda Mkalimani siku ile, wala wiki ile. Lakini tangu hapo nikajikuta nikisikiliza ninavyosema na watu, na mtu akishaanza kujisikiliza hawezi tena kustarehe na ujinga wake.

Kiingereza chake alikipata jikoni. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwa familia ya wageni, kwanza Mombasa, kisha huku Nairobi, na alikuwa na sikio la kunasa kila kitu. Mombasa ndiko alikotoa pia Kiswahili chake, kile cha watu wanaosema "tafadhali" na "samahani" bila kuona wanapoteza wakati. Kiluo alikiokota kwa majirani. Vijana wa boda pale relini walimcheka.

"Mathe, hiyo Kiswahili yako ni ya redio."

"Basi jaribu kuizima," akawajibu, bila kuinua macho kwenye pindo.

Sheng, hiyo lugha ya vijana ya kumwita mama "mathe", alisema haipendi. Aliwakataza wanawe kuileta mezani. Kumbe aliijua yote, hata ile iliyozaliwa juzi. Niliyathibitisha hayo siku kijana wa boda alipoletwa kliniki akiwa na homa, akapelekwa kwa daktari mgeni kazini aliyekulia mitaa ya mbali, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu cha shule. Kijana akasema, "Daktari, nimechapa vibaya. Siku tatu sasa."

Daktari akaacha kuandika. "Umemchapa nani?"

"Hapana, mimi ndiye nimechapa."

"Kwa siku tatu?"

Mkalimani alikuwa mlangoni, ameleta mgonjwa mwingine. Akamweleza daktari kwa Kiingereza kwamba kijana hajampiga mtu, ila amechoka hadi hana nguvu, kama kiatu kilichokwisha soli. Daktari akafuta alichoandika. Kijana akamwangalia Mkalimani kwa mshangao.

"Mathe, kumbe unabonga Sheng?"

"Sibongi," akasema. "Nasikia tu. Na usiniite mathe."

Lakini walimwita mathe, na kila walipomwita aliitika.

Alikuwa na jambo jingine lililonikanganya. Yeye aliyenisema mimi kwa kujifanya mkubwa kwa Kiingereza, alikuwa na sauti yake ya simu. Mtu wa plotini akikatiwa stima, au akizungushwa na ofisi fulani wiki nzima, Mkalimani aliomba namba, akaketi wima kwenye stuli ya cherehani, akakohoa kidogo, kisha akapiga. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mke wa balozi aliyecheleweshewa chai. Hakutukana, hakutisha. Alitaja jina la mwenye shida, akataja shida yenyewe, akauliza anasema na nani. Upande wa pili walianza kumwita madam. Stima ilirudi siku hiyo hiyo.

Nilimwuliza kama huo si uongo.

"Nimedanganya jina? Nimedanganya shida? Nimebadilisha sauti tu," akasema. Halafu akakata uzi kwa meno. "Mlango ukiwa na ufunguo mmoja, utalala nje kwa sababu humpendi fundi aliyeuchonga? Lakini inaniudhi, binti. Yule mama niliyemsemea alikuwa amewaeleza hayo hayo mara nne, kwa maneno mazuri kuliko yangu."

Jumapili alikalimani kanisani kila walipokuja wageni, na huko ndiko alikopata sifa ya kutolainisha. Nilikuwepo siku mgeni mmoja, mtu mwema kabisa aliyejaa machozi, aliposimama akasema kwamba katika safari zake zote hajaona watu maskini kiasi hiki, na bado wana furaha. Mchungaji alikuwa tayari amefungua viganja ili tupige makofi. Mkalimani akageuka kwetu.

"Anasema hajawahi kuona watu maskini kama sisi. Na anashangaa kwamba tunacheka."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye benchi ya mbele mzee mmoja wa kanisa akasimama polepole. "Mwambie tunamshukuru kwa kuja. Na mwambie sisi pia tumeshangaa, kwamba ana kila kitu na tangu asubuhi hajacheka."

Mchungaji alifumba macho. Mkalimani akamgeukia mgeni, akamfikishia neno kwa neno, kwa adabu ile ile. Mgeni akamtazama yule mzee. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kweli kilichomtikisa mabega, na kanisa zima likamfuata. Ibada ile ilikuwa tamu kuliko zote ninazokumbuka. Hata hivyo, baadaye nje, mchungaji alimwambia Mkalimani kwamba angeweza kulainisha.

"Mchungaji, mimi ni mkalimani," akajibu. "Siagi iko dukani."

Wengine walimwona mkali. Mimi nadhani nilimwelewa siku ya mama wa omena, mjane aliyeuza samaki hao wadogo kwenye meza karibu na daraja. Alikuwa na uvimbe kwenye titi na Kiswahili cha kuuzia tu. Mambo ya moyoni aliyasema kwa Kiluo. Daktari wetu, baada ya kumpima, aliongea na muuguzi kwa Kiingereza, akisema ana wasiwasi kwamba ni saratani na lazima aende hospitali kubwa bila kukawia. Kisha akamgeukia Mkalimani. "Mwambie ni tatizo dogo, aende wakapime tu."

Mkalimani aliendelea kumtazama daktari. Nilikuwa nimeleta faili, nikabaki nimeishika.

"Daktari," akasema, "hayo siyo uliyomwambia muuguzi."

"Sitaki kumtisha."

"Ataogopa, ndiyo. Lakini akienda akijua, atakwenda leo. Asipojua, atamaliza omena kwanza, atangoja shule zifunge, atakwenda mwezi wa kumi na mbili. Ama nimwambie nilichosikia, ama umtafute mkalimani mwingine."

Daktari alikuwa kijana, na si mtu mbaya. Alimtazama mama wa omena, kisha akasema, "Mwambie."

Mkalimani akavuta kiti karibu na mama wa omena mpaka magoti yao yakagusana, akamweleza kwa Kiluo, taratibu. Nililijua neno moja moja tu. Mama wa omena alisikiliza akitazama mikono yake. Mwishoni akauliza swali fupi, na Mkalimani akalipeleka kwa daktari kama lilivyokuja.

"Anauliza, nani atamshikia meza?"

Daktari akaweka kalamu chini. Nadhani alitarajia aulizwe kuhusu kufa. Akasema hajui. Muuguzi akasema dada yake yeye muuguzi anaweza. Mchana ule ule mama wa omena aliondoka na barua yake, na dada ya muuguzi akakaa mezani kwa wiki nyingi, akiuza vibaya sana. Mama wa omena alipona. Hadi leo yuko pale karibu na daraja.

Sasa nieleze mkutano.

Kampuni moja ilitaka sehemu ya ardhi kando ya reli ijenge ghala, na safu mbili za nyumba zilikuwa njiani, ya Mkalimani ikiwemo. Tuliitwa ukumbi wa kanisa Jumamosi asubuhi. Akaja kijana wa kampuni, tai shingoni, mwenye bahasha nene ya karatasi za kutiwa saini. Alikuwa Mkenya kama sisi, na nina hakika kwamba nyumbani kwao waliongea Kiswahili au lugha ya mama. Lakini alianza kwa Kiingereza, akakaza nacho. Alisema kampuni inawathamini wakazi. Alisema mtu akitia saini atapata chumba kingine mahali pengine. Kalamu zikaanza kugawanywa.

Watu wakamtazama Mkalimani. Akasimama, akaenda mbele.

"Mwanangu, mama yako ukimpigia simu unaongea naye hivi?"

Kijana akatabasamu kidogo. "Hii ni hati ya kisheria, mama. Lugha yake ni Kiingereza."

"Sawa. Basi isome. Isome kwa sauti, kifungu kwa kifungu, nami nitawaambia watu."

"Ni ndefu."

"Sisi hatuendi mahali. Ninyi ndio mnataka tuende."

Kicheko kikapita ukumbini. Kijana akasoma kifungu cha kwanza, Mkalimani akatafsiri, akakunja kidole kimoja. Cha pili, kidole cha pili. Aliyaweka maneno yale ya mahakama katika Kiswahili ambacho hata watoto waliokaa dirishani walikifuata. Alipomaliza cha tano mkono wake wa kushoto ulikuwa ngumi. Kijana akafungua ukurasa, akaendelea kusoma.

"Ngoja," akasema Mkalimani. "Hicho umesema ni cha saba. Cha sita kimekwenda wapi?"

"Hicho ni cha kiufundi tu. Hakiwahusu."

"Kama hakituhusu, hakitatudhuru tukikisikia."

Ng'ambo ya reli nyundo za mafundi wa jua kali ziliendelea kugonga. Kijana aliangalia mlango, akaangalia karatasi, akasoma haraka haraka. Mkalimani akamwomba arudie. Akarudia. Nilikuwa nimesoma hadi chuo, na bado sentensi ile ilinipotea katikati. Ilizunguka kama nyoka kwenye nyasi: wakazi kwa hiari yao, bila kushurutishwa, wanaachilia dai lolote la sasa au la baadaye. Mkalimani alifumba macho, akafikiri, akatugeukia.

"Cha sita kinasema hivi. Ukitia saini, umejifukuza mwenyewe. Na wakikosa kukupa chumba, huna wa kumuuliza."

Fundi wa mawe, yule yule wa macho, aliinuka, akairudisha kalamu mezani na kuilaza taratibu. Wa pili akafuata. Wakapanga mstari, kama watu wanaotoa sadaka, kila mmoja akirudisha kalamu. Mkalimani akamwambia yule kijana kwa Kiswahili, na hapo sauti yake ilikuwa laini, "Najua hukuiandika wewe. Waambie waliokutuma waandike ya kusomeka."

Walichukua wiki kadhaa. Karatasi iliyorudi ilikuwa ya Kiswahili, haikuwa na kile kifungu, na ilitaja mahali penyewe ambapo kila familia ingepewa chumba. Nisiseme tulishinda. Safu mbili zile zilibomolewa, na waliohama walililia reli yao. Lakini walihama wakijua wanakokwenda, na kila mmoja alikuwa na karatasi anayoielewa.

Kabla hawajahama, Mkalimani alikuja kliniki peke yake kupimwa presha. Tulikuwa tumeletewa fomu mpya, kila mtu ajaze mwenyewe. Nikampa.

"Nijazie, binti. Nimesahau miwani."

Nikampa yangu. Akaivaa, akaishika fomu, akaitazama muda mrefu. Kisha akaivua na kuikunja vizuri.

"Haisomeki," akasema. "Na si macho."

Nilidhani ananitania. Akaniambia, akiwa ameshika mkoba magotini, kwamba anaweza kuandika jina lake na kusoma namba, basi. Kiingereza chote, Kiswahili chote, viliingilia sikioni. Watoto wa ile familia ya wageni walisomewa hadithi kila jioni naye akipiga pasi, lakini vitabu vyenyewe hakuvifungua. Wanawe walijua. Mtaani hakuna aliyejua.

"Na siku ile ya mkutano?" nikauliza.

"Nilitaka asome kwa sauti kwa sababu mimi nisingeweza. Watu wakasema ni ujanja wangu. Mimi nikawaachia."

"Hapo ulilainisha," nikamwambia.

Alicheka sana, hata mashine ya presha ikakataa kusoma, muuguzi akalazimika kungoja. "Hapo nililainisha," akakubali.

Nilijitolea kumfundisha. Alikuja mara tatu, saa ya chakula, akakaa upande wangu wa dirisha. Kiswahili kilimwingia upesi, na alisoma mabango ya ukutani kwa furaha ya mtu anayekutana na jamaa zake. Kiingereza alikishindwa kwa hasira. Nilimwonyesha neno la kisu, knife, akaniuliza hiyo herufi ya kwanza inafanya nini pale ikiwa haisemwi. Nikasema ndivyo ilivyo.

"Lugha yenyewe haisemi inachoandika," akasema akifunga daftari. "Halafu mnamshangaa kijana wa kampuni."

Alihamia mtaa wa Kongo, kule Kawangware, pamoja na familia nyingi za safu yake. Mimi nikapata kazi mjini, tukapoteana kama watu wanavyopoteana katika mji huu, bila ugomvi.

Mwaka huu nilikuwa na shughuli karibu na kituo cha Kawangware 56, nikaamua kumuulizia. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi wakaniambia, "Yule mama wa lugha? Anashinda hapo saluni." Nikavuka barabara. Amezeeka, amepungua mwili, mguu mmoja unamsumbua. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono hewani, na mbele yake msusi wa miaka thelathini hivi akimkunja vidole kwa subira na kuvipanga upya.

"Binti," akasema aliponiona, kana kwamba tuliachana jana, "ngoja kwanza, ninasahihishwa."

Msusi yule ni kiziwi. Mkalimani alikuja kusukwa, akaona wateja wakimpigia msusi kelele, kila mmoja akipaza zaidi ya mwingine, na yeye akitabasamu tu. Siku ya pili akarudi kujifunza ishara. Ameshakaa miezi, na kwa maneno yake mwenyewe bado ni darasa la kwanza.

"Juzi mteja aliuliza kama maji ni ya moto. Mimi nikamwambia huyu kwamba mteja ni mjamzito. Akaletewa mto wa mgongo na chai. Mama wa watu alifurahi sana."

Tukaongea habari za Laini Saba, za mama wa omena, za daktari yule ambaye sasa, nilimwambia, anasema Kiluo kidogo. Wakati wote huo msusi alikuwa akinitazama kichwa. Kisha akaanza kuongea, mikono ikienda upesi.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Subiri. Sijapata yote, na sitaki kubuni."

Akamwomba arudie. Akarudia. Mkalimani akakunja uso, akauliza kitu kwa vidole vizito, akajibiwa, akatikisa kichwa, akaomba mara ya tatu. Sijawahi kumwona mtu aliyeridhika hivyo na kutoelewa. Mwishowe akanigeukia.

"Anasema nywele zako za mbele zinakufa. Unasukwa kwa kukazwa mno. Anasema kila msusi ameona, lakini hawakwambii kwa sababu unaonekana mtu wa maana."

Nilipeleka mkono kwenye paji la uso. Msusi akanionyesha kiti kilicho wazi mbele ya kioo. Nikakaa, nikafungua kitambaa nilichofunga nyuma ya kichwa, nikamuuliza Mkalimani asante inasemwaje. Akanionyesha, nikamwiga. Msusi akatutazama sote wawili, akacheka bila sauti, akaja kuturekebisha vidole.